Land Rover za Kale za Njia ya Engaresero

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametutajia katika Suratin Nahl neema ya farasi, nyumbu na punda, kuwa amewaumba ili tuwapande na wawe ni pambo kwetu, kisha akatufahamisha kuwa huumba na vingine tusivyovijua. Wanavyuoni wengi waliofasiri aya hii katika karne iliyopita hawakuona taabu kuingiza ndani yake gari la moshi, motokaa na ndege, kwani akili iliyovibuni vitu hivyo ni kiumbe chake, na chuma vilivyofanyiwa ni chake. Basi msomaji asistaajabu kuona kurasa hizi, ambazo aghalabu huzungumzia twahara, mirathi na malezi ya watoto, leo zinazungumzia gari. Na si magari yote, bali ni gari la namna moja, ambalo limekuwa adimu, na khabari zake zinapotea pamoja na watu waliokuwa wakizijua.

Sisi watu wa pwani tulilijua gari hili zamani. Land Rover ndiyo iliyokuwa gari la bwana shamba, la daktari wa chanjo, la polisi, na baadaye la viongozi waliokuja kuhutubia vijijini. Kisiwani Lamu, ambako vichochoro havimpi hata punda mwenye shehena nafasi ya kugeuka, kwa miaka mingi gari lililojulikana na watoto wote lilikuwa ni Land Rover ya mkuu wa wilaya. Lakini wengi wetu tuliiona kwa jumla tu, hatukuwa tukipambanua ipi ya mwanzo na ipi ya baadaye. Wenye kuzijua huzigawa mafungu: ya kwanza ni Series One, iliyotengenezwa tangu mwaka 1948 hata 1958, ikaja Series Two, kisha Series Three, iliyoanza 1971 na kumalizika 1985, na baada yake hizi One Ten na Defender ambazo vijana wa leo ndizo wanazoziita Land Rover. Ile ya kwanza ndiyo tunayoikusudia hapa, ingawa hatutaweza kuitaja bila ya kuwataja wadogo zake, kwani ilmu ya kuzitengeneza ni moja.

Na mahali tutakapopatazama ni mbali na bahari: ni Karatu, Mto wa Mbu na njia ile iendayo Engaresero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, katika wilaya ya Ngorongoro. Huko Land Rover za kale zilidumu kazini muda mrefu, si kwa mapambo wala kwa maonyesho, bali kwa kubeba unga, mbuzi, wagonjwa na wazazi waliokaribia kujifungua. Huko pia ndiko zinakokwisha.

Natuanze na asili yake. Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika mwaka 1945 Uingereza ilikuwa nchi iliyoshinda vita lakini imefilisika. Kiwanda cha Rover kilizoea kutengeneza magari ya starehe ya watu wa makamo, na sasa serikali ilikuwa ikigawa chuma kwa kipimo, na aliyepewa kingi ni yule awezaye kuuza bidhaa nchi za nje na kuleta fedha za kigeni. Maurice Wilks, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, na shambani mwake akitumia jeep kuukuu la Kimarekani lililobaki vitani. Inasimuliwa kuwa aliulizwa atafanya nini jeep lake likifa, naye hakuwa na jawabu ila kununua jeep jingine. Yeye na nduguye Spencer, aliyekuwa mkuu wa kampuni, wakaona kuwa hapa pana haja ya watu na hapana mwenye kuikidhi. Mwaka 1947 kazi ikaanza, na tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa mbele ya watu mjini Amsterdam.

Lilikuwa gari la kimaskini kwa kila hali. Kwa kuwa chuma kilikuwa haba, bodi yake ilifanywa kwa bati la alumini, madini ambayo viwanda vya ndege vilikuwa vimeyaacha kwa wingi baada ya vita. Rangi yake ya kijani nayo ilikuwa ni rangi iliyobaki jeshini. Chasisi ilifanywa kwa kuchomelea vipande vya mabati ya chuma vikawa kama sanduku refu. Injini ilikuwa ya petroli, ya ujazo wa senti-mita za ujazo 1,595, yenye nguvu za farasi 50 hivi, na kutoka gurudumu la mbele hata la nyuma ni inchi 80. Bei yake ilikuwa pauni 450, na kwa bei hiyo mnunuzi hakupewa hata milango; milango ilikuwa ya kuongezea pesa! Wenyewe walidhani watalitengeneza kwa miaka michache tu, mpaka hali itengenee warudie magari yao ya starehe. Lakini Mwenyezi Mungu ndiye agawaye umri wa vitu kama agawavyo umri wa watu. Lilitimia gari la 250,000 mwaka 1959, na la milioni moja mwaka 1976, na hayo magari ya starehe leo hayatengenezwi tena.

Msomaji akitaka kuitambua Series One akiiona njiani, na aitazame usoni na ubavuni. Taa zake kubwa zimekaribiana, ziko katikati, si juu ya madigadi ya magurudumu kama Land Rover za baadaye; na zile za mwanzo kabisa taa zilikuwa nyuma ya wavu, kama macho ya mtu aliye dirishani. Ubavu wake ni bapa, umenyooka kama sanduku la nguo. Ilipokuja Series Two mwaka 1958 ndipo gari likapata yale mabega ya mviringo tuliyoyazoea. Katikati ya miaka hiyo kumi urefu wake uliongezwa mara mbili: inchi 86 na 107, kisha inchi 88 na 109, na hivi vipimo viwili vya mwisho ndivyo vilivyodumu. Mtu wa Karatu akikwambia ana "One Oh Nine" anakutajia urefu huo, nawe ukiangalia utaona aghalabu ni ya miaka ya 1960 au 1970. Ya inchi 80 ukiiona siku hizi ikitembea kwa injini yake yenyewe, basi umeona kitu.

Huku kaskazini ya Tanganyika gari hili lilifika katika siku ambazo nchi ilikuwa inakatwa mipaka mipya. Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia alama zao katika karatasi ya kukubali kutoka Serengeti, na mwaka 1959 ikaanzishwa Hifadhi ya Ngorongoro, ambamo waliahidiwa kuishi pamoja na wanyama wao na wanyama wa porini. Mambo hayo yana maneno mengi, na baadhi ya maneno yake hayajamalizika hata leo. Tunaloweza kusema hapa ni kuwa bwana wa wilaya aliyekwenda kuwasomea wazee karatasi za serikali, na mganga wa mifugo aliyekwenda kuwachanja ng'ombe wa wazee hao hao, wote walikwenda kwa gari la namna moja. Gari halina dhambi wala halina thawabu. Dhambi na thawabu ni za aliyelipanda na alilolikusudia. Katika mwaka huo huo wa 1959, tarehe 17 Julai, bibi Mary Leakey aliona katika bonde la Olduvai fuvu la kale ambalo khabari zake zilienea dunia nzima. Alikuwa peke yake siku ile, mumewe amelala na homa kambini, naye akapanda Land Rover akaenda mbio kumpa khabari. Ama yale wasemayo wataalamu juu ya fuvu hilo na asili ya Bin-Adamu, hayo yana mahali pake na majibu yake, na si hapa.

Kisha watalii wakawa wengi. Shimo la Ngorongoro lina kina cha mita 600 hivi na uwanja wa kilomita za mraba 260, na njia za kushukia ni za kutisha. Gari la kawaida haliruhusiwi kushuka, ni lazima liwe la kuvuta magurudumu manne. Kwa hiyo katika miaka ya 1960 na 1970 mgeni aliyekuja na gari lake dogo kutoka Nairobi au Arusha alikuwa akiliacha juu, kwenye loji, akakodi Land Rover na dereva wa pale. Madereva hao walikuwa ni watu wa kuheshimiwa. Walikuwa wakishuka asubuhi na kupanda jioni, siku zote za mwaka, wakijua kila jiwe, na gari likiugua wakilisikia kabla halijasimama.

Lakini watalii walikuwa wakipanda gari kwa furaha. Waliokuwa wakilihitaji kwa dhiki ni watu wa Engaresero.

Kijiji hiki kiko kusini ya Ziwa Natron, ndani ya Bonde la Ufa. Nyuma yake ni mlima Lengai, wenye urefu wa karibu mita 2,900, ambao ni mlima wa moto usio na mfano duniani: uji wake ni mweusi, hauna joto kubwa kama wa milima mingine, na ukipoa na kupata unyevu hugeuka mweupe kama magadi, kwani kweli ni wa jamii ya magadi. Kutoka Mto wa Mbu kwenda huko ni kilomita 100 na zaidi kupita Engaruka, na njia ni vumbi la majivu, mawe makali na makorongo yenye mchanga. Mvua ikinyesha juu ya ukingo, korongo lililokuwa kavu asubuhi huwa mto adhuhuri, na msafiri hana ila kukaa ng'ambo akisubiri. Mbele ya Engaresero njia hupanda ule ukuta wa bonde kwa mizunguko hata Sale, kisha Wasso na Loliondo. Katika njia kama hii utaona kwa nini gari la kimaskini la mwaka 1948 lilikuwa bora kuliko gari la kifahari.

Fundi mmoja wa Mto wa Mbu, mtu mzima, ambaye nilikaa naye barazani baada ya darsa za mwezi wa Ramadhani, alinieleza jambo hili kwa ufafanuzi ambao sikuupata kitabuni. Alisema: magari ya leo huvutia hewa kupitia kichujio cha karatasi. Vumbi la Engaresero likikijaza, ununue kingine. Na kikikosekana injini inakula majivu na kufa. Land Rover ya kale ina bakuli la oili. Hewa hupita juu ya oili, vumbi linanasa, na ukifika jioni unalifungua, unalisafisha kwa mafuta ya taa, unatia oili nyingine, basi. Betri ikifa ipo hendeli ya kuzungushia kwa mkono. Springi zake ni vyuma vya bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kimoja kikivunjika mhunzi anaweza kukata cha lori bovu akakitia. Bodi imefungwa kwa bolti, kipande kwa kipande. Mlango, madigadi, kifuniko cha injini, vyote unaving'oa kwa spana na kuvirudisha. Na pale lilipo na udhaifu, alisema, udhaifu wenyewe una adabu. Shafti ya nyuma ilikuwa ikivunjika mara kwa mara kwa mwenye kupakia kupita kiasi; lakini ikivunjika, dereva hutia kazini magurudumu ya mbele, yakamvuta mpaka nyumbani.

Nilimwuliza kwa nini basi huku kwetu pwani, ambako zilikuja nyingi, ziliondoka mapema. Akacheka, akasema chumvi. Alumini haipati kutu kama chuma, lakini alumini ikikutana na chuma penye unyevu wa chumvi huliana, na chasisi ambayo ni ya chuma huoza kwa ndani, mtu asione mpaka siku gari linapokatika mgongo. Hewa ya Karatu na ya bondeni ni kavu. Hata hivyo tope la magadi la kando ya Natron nalo ni adui, na mwenye akili alikuwa akiliosha gari lake kila atokapo huko. Aliyekaa Tanga au Unguja na kuona mabati ya paa yakiliwa na pepo za bahari hatahitaji ushahidi mwingine.

Haya ni maumbile ya gari. Lakini gari halikudumu kwa maumbile yake peke yake, na hapa ndipo penye shina la maneno yetu.

Ilipofika mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla. Nchi ikakosa fedha za kigeni. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Watalii waliokuwa wakitoka Nairobi wakakatika, na vipuri navyo vikakatika. Mwaka 1978 na 1979 kukawa na vita vya Kagera. Wenye umri watakumbuka siku ambazo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa petroli, na siku za foleni za sabuni na sukari. Huko Uingereza kwenyewe mambo hayakuwa mema: kampuni ya British Leyland, iliyokuwa imeimeza Rover, ilishindwa kazi hata serikali ikaichukua mwaka 1975, na mwenye kuagiza Land Rover mpya alikuwa akingoja muda mrefu asiipate.

Katika miaka hiyo gari lililosimama lilikuwa limekufa, ila awepo mtu wa kulifufua kwa alichonacho. Ndipo wakatokea mafundi. Hawa wengi wao hawakusoma chuo cha ufundi. Mtoto alikuwa akipelekwa gereji kama apelekwavyo chuoni: aanze kwa kufagia, na kuosha nati kwa petroli, na kushika taa, miaka ikipita aruhusiwe kufungua gurudumu, kisha giaboksi, na mwisho kabisa aruhusiwe kuitega injini kwa sikio. Walichonga bushi kwa mbao ngumu na kwa mipira ya matairi. Walikata gasketi kwa maboksi na kwa ngozi. Walitoa pistoni ya gari jingine wakaipunguza kwa tupa siku mbili, wakaitia, gari likaenda. Mtu akimwuliza fundi kajuaje, atajibu: nimefunzwa na fulani, naye alifunzwa na Singasinga fulani wa Arusha, naye alikuwa karakana ya jeshi wakati wa vita. Sisi tuliokaa mbele ya masheikh tunaijua silsila namna hii. Ilmu ya kitabuni humfikisha mtu mlangoni, na ilmu ya kukaa na mwalimu ndiyo imwingizayo ndani.

Kwa hiyo iwapo katika miaka ya 1990 ungali ukiona Series One ya mwaka 1955 ikipanda mlima wa Rhotia na magunia ya vitunguu, usiseme Mwingereza alitengeneza kitu cha kudumu. Alitengeneza kitu cha kutengenezeka, na hilo ni jambo jingine. Kudumu kwake kulitoka katika mikono ya watu wa hapa.

Upungufu ulianza kwa kheri, kama mambo mengi ya dunia. Toyota iliingia na Land Cruiser zake tangu miaka ya 1960, na Leyland iliposhindwa kuleta magari, yeye akaleta. Ni gari gumu, na vipuri vyake vinapatikana, hatuwezi kumlaumu aliyelinunua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara ya lami kutoka Makuyuni ilifika Karatu mpaka lango la Ngorongoro, na mwendo uliokuwa wa nusu siku ukawa wa saa chache hata kwa gari dogo. Hapo kazi ya Land Rover ya kale ikarudi nyuma, ikabaki kule lami isikofika, yaani njia za Engaruka, Engaresero na Sale. Mwaka 2007 Lengai ulilipuka, ukaendelea mpaka 2008, majivu yakafunika malisho na njia, na yale magari ya kale yakapata kazi ngumu yakiwa yamekwisha kuzeeka.

Kazi yao kubwa ya mwisho ilikuwa mwaka 2011. Msomaji atakumbuka khabari ya kikombe cha Samunge, alipotokea mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila akigawa dawa ya mizizi kwa shilingi 500, na watu wakamiminika kwa maelfu kutoka kila upande, wengi wakipita Mto wa Mbu na Engaresero. Hukumu ya kikombe hicho na waliokiendea, wakiwemo Waislamu, mwenye kuitaka na awaulize wanavyuoni. Tunayataja kwa sababu ya magari. Kila chenye magurudumu kilikodiwa. Land Rover zilizokuwa zimelala chini ya mianzi na kuku wakitaga ndani yake zilifufuliwa, zikapakiwa wagonjwa kama shehena, zikapandishwa ukuta wa bonde mchana na usiku. Misururu ya magari ilifika kilomita nyingi, wagonjwa wengine wakafia njiani, Mwenyezi Mungu atustiri. Wenye magari walipata fedha ambazo hawakuwahi kuziona, na tamaa ikawashika. Gari la miaka hamsini likaendeshwa bila ya kupumzishwa, bila ya kuoshwa majivu, bila ya oili. Yule fundi aliniambia kuwa alizika magari mengi mwaka ule kuliko miaka kumi ya nyuma. "Yalistahimili umaskini wetu," alisema, "utajiri wa miezi michache yasiustahimili."

Na yalikwenda wapi? Hapa akina mama wa nyumba za pwani watashangaa, kwani huenda wana kipande jikoni. Wanunuzi wa chuma chakavu wanajua kuwa bati la Land Rover ni alumini, na alumini ina bei nzuri kuliko chuma. Bodi hukatwakatwa, hupimwa kwa kilo, na mafundi wa kusubu huiyeyusha pamoja na vyuma vyepesi vingine wakamimina masufuria, yale mazito yenye masikio mawili ambayo tunayapikia pilau la harusi na ubwabwa wa maulidi. Si haramu, wala si israfu; kitu kimetoka katika manufaa kikaingia katika manufaa. Chasisi nayo hukatwa ikawa nguzo za lango au mkokoteni. Na yale yaliyobaki mazima yametolewa injini yake yakatiwa injini ya dizeli ya Kijapani, giaboksi ya gari jingine, na viti vya basi. Hayo yanakwenda, alhamdulillahi, lakini ni kama nyumba ya kale ambayo kuta zake zote zimevunjwa na umebaki mlango wa nakshi.

Wakati sisi tunayapima kwa kilo, wenzetu wanayatafuta. Mwaka 2016, tarehe 29 Januari, Defender ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Solihull. Mwaka huo huo kampuni ilitangaza kuwa itakusanya Series One za zamani 25, izitengeneze upya na kuwauzia matajiri, kila moja kwa makumi elfu ya pauni. Gari moja la mwaka 1955, lililosafiri na wanafunzi wa Oxford na Cambridge kutoka London mpaka Singapore, lilipatikana limeoza katika kisiwa cha St Helena, katikati ya bahari, likarejeshwa Uingereza mwaka 2017 na kutengenezwa mpaka likaweza safari nyingine. Na huku kwetu, Oktoba 2024, palifanywa Arusha maandamano ya Land Rover, yakapita kwa mamia, na watu wakafurahi. Zilizokuwa nyingi ni hizi za baadaye. Furaha ni nzuri, lakini maandamano hayafundishi mtoto kukata gasketi.

Nalo ndilo linalonisumbua kuliko bati na chasisi. Baada ya kufa Mtume (S.A.W.) kulikuwa na vita vya Yamama, na ndani yake walikufa mashahidi wengi katika waliohifadhi Qur'ani. Sayyidna Umar akamwendea Sayyidna Abubakar, akamshauri Qur'ani ikusanywe isije ikaondoka pamoja na vifua vilivyoibeba. Sayyidna Abubakar alisita kwanza, kisha Mwenyezi Mungu akamkunjulia kifua chake, kazi akapewa Zayd bin Thabit. Hatufananishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na gari, hasha! Tunachukua funzo la wale waliokuwa bora kuliko sisi: walipoona wenye ilmu wanapungua hawakungoja. Mafundi wa Karatu na Mto wa Mbu waliojifunza katika miaka ya shida sasa ni watu wa miaka sabini na zaidi. Wana visanduku vya spana za inchi za Kiingereza, ambazo bolti za Series One hazikubali nyingine. Watoto wao wana spana za milimita. Sikuona hata mmoja kati yao aliyekaa na kijana mwenye daftari akaandikiwa anayoyajua.

Eneo hili lina watu wa kuhifadhi. Mwaka 2018 UNESCO ililiingiza Ngorongoro-Lengai katika orodha ya jiopaki za dunia, na katika vitu vinavyoonyeshwa wageni huko Engaresero ni nyayo za watu zaidi ya 400, waliopita juu ya tope la majivu maelfu ya miaka iliyopita, likakauka na kuzishika. Mwanakijiji wa Kimasai ndiye aliyeziona na kuzitolea khabari, ndipo wataalamu wakaja. Ikiwa nyayo za watu tusiowajua majina zimewekewa ulinzi, haingekuwa vigumu kupata banda moja, Karatu au Engaresero kwenyewe, ikawekwa Series One moja yenye injini yake ya asili, na fundi mmoja mzee akalipwa kuifungua na kuifunga mbele ya vijana mara kwa mara. Gharama yake si kubwa. Huenda ni pungufu ya gharama ya siku moja ya maandamano.

Na kwa wasomaji wetu wa pwani: huenda katika uwa wa nyumba ya babu, au nyuma ya shamba la minazi, limesimama gari la namna hii na mti umeota ndani yake. Gari la kwanza kabisa lililotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa lilipewa namba 860001, na kila moja lililofuata lilipewa yake, ikapigwa juu ya kibao kidogo cha madini na juu ya chasisi. Asiyeweza kulihifadhi gari lote, basi kabla hajaliuza kwa kilo na akitoe kile kibao, aandike ni mwaka gani lilipoingia katika nyumba yao, lilikuwa likibeba nini, na nani alikuwa fundi wake.